Upande wa Kushoto

Nilianza kuanguka nikiwa nyumbani kwangu mtaa wa Tuwan, Kitale, jikoni. Majirani walitoka mbio, kwa sababu kwetu mwenye kifafa hashikwi; ati povu lake huambukiza. Mama alikuja kutoka kijijini Kamukuywa kukaa nami. Yeye alinishika.

Dawa zilipokataa, daktari wa Kitale alisema shina la kifafa changu liko upande wa kushoto wa ubongo, na shina hilo linaweza kukatwa. Lakini maneno nayo hukaa upande huo. Mimi ni mwandishi. Sina kazi nyingine, wala siitaki.

Ndipo tukaenda India kutafuta maneno yangu yanakaa wapi hasa, kwenye mashine inayonasa usumaku hafifu mno utokao kwenye ubongo unapofanya kazi. Vihisi vyake hupozwa kwa heliamu, gesi iliyopozwa ikawa kimiminika, hadi umeme upite ndani yake bila kizuizi chochote. Mimi niliona kofia kubwa tu, kama draya ya kukaushia nywele saluni, ndani ya chumba chenye mlango mzito kama wa benki.

"Usifikirie mambo ya nyumbani huko ndani," Mama alininong'oneza. "Wataona yote."

"Mama, haisomi mawazo."

"Wewe si daktari, bana. Utajuaje?"

Mlango ukafungwa. Picha zikapita: kuku, nyumba, maji. Nilizitaja kimoyomoyo kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili. Kisha nikawaza: je, Kibukusu, lugha niliyonyonya? Nikapaza sauti, nikaomba nacho kipimwe. Fundi wa mashine akamketisha Mama kwenye kipaza sauti, chumba cha pili.

"Engokho," sauti yake ikatetemeka masikioni mwangu. "Enju. Kamechi." Halafu, chini chini: "Mtoto wangu, unanisikia?"

Kipimo kilikuwa kimeanza tena, nami nilikatazwa kutikisa hata kidevu. Sikumjibu.

Jana tulikuwa Kamukuywa tukipukuchua mahindi daktari wa India alipopiga simu. Alisema Kiingereza na Kiswahili viko mbali kiasi na pale kisu kitakapopita. Kibukusu kimegusana na shina. Huenda maneno mengi yakaenda nalo. Uamuzi ni wangu.

Nilimweleza Mama. Aliendelea kupukuchua.

"Kwani shida iko wapi? Si nilikufunza ukiwa huna hata meno? Nitakufunza tena."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Gunzi lilibaki mkononi mwake, limeisha punje, na bado kidole gumba kilikuwa kinalisugua.

"Lakini ukiamka huko," akasema, "nikikuita vile nakuitaga, utaitika?"

Hilo sikumwuliza daktari. Daktari anasubiri uamuzi wangu, na simu iko hapa mezani, nami naogopa kuigusa.