Zubeda Anataka Kumwona Tembo

Zubeda aliitoa habari hiyo Ijumaa mchana, pilau ikiwa katikati ya mkeka na kila mtu ameshika tonge. Kiangazi kikifika, alisema, yeye na mumewe Massoudi watakwenda Tanzania kutazama wanyama wa porini, na wakitoka huko watakwenda baharini kupumzika.

Binti yake Soumaya, aliyeshuka kutoka mtaa wa Mutanga Nord, kule vilimani, kuja kumjulia baba hali, alicheka. Kisha akamtazama mama yake usoni, akaacha kucheka.

“Mama, ile mambo ya safari ni ya bazungu. Na Papa hawezi kuikala mu bus siku mbili. Unataka kumuua?”

“Sijasema bus,” Zubeda alijibu, akaendelea kula.

Alikuwa mwanamke mnene wa miaka hamsini na kitu, mzaliwa wa Bwiza mjini Bujumbura, na hakuna mtaani asiyemfahamu. Ukiwa na arusi au matanga, kwake ndiko ulikokwenda kukodi sufuria za kupikia umati, sahani, viti na turubai. Kazi hiyo ilikuwa imemfundisha kupanga mambo makubwa bila kupiga kelele. Mvua ikinyesha katikati ya karamu, watu wengine walikimbia huku na huku. Yeye alikuwa tayari amekwishajua turubai la pili liko wapi.

Mumewe Massoudi alikuwa dereva wa malori. Kwa miaka mingi alimfanyia kazi tajiri mmoja aliyekuwa akitoa mizigo Dar es Salaam na kuipeleka Lubumbashi, na barabara hiyo hupita katikati ya mbuga ya Mikumi. Kila aliporudi nyumbani alikuja na hadithi: jinsi tembo walivyosimama kwenye lami na foleni ya malori ikazima injini, jinsi twiga alivyochungulia kwenye dirisha la gari. Zubeda alizisikiliza hadithi hizo akiwa anasugua masizi ya sufuria uani. Yeye mwenyewe hakuwahi kufika mbali zaidi ya Rumonge, mji mdogo kando ya Ziwa Tanganyika, tena kwa msiba.

Halafu Massoudi alipata kiharusi. Mkono na mguu wa kuume vikalegea, mdomo ukaenda upande, na maneno yakawa yanatoka nusunusu, ambayo mkewe peke yake ndiye aliyeyaelewa bila kurudiwa. Tangu siku hiyo alikaa kwenye kiti cha magurudumu chini ya kibaraza, akitazama ukuta wa jirani. Zubeda alimtazama akiutazama ukuta ule mwaka mzima. Ndipo akaamua.

Kwanza alikwenda mjini kati, kwenye ofisi moja inayopanga safari za watalii. Kijana aliyekuwa mle ndani alimwonyesha picha za mahema yenye vitanda vya mashuka meupe na wazungu wenye miwani ya jua wanaokunywa mvinyo mbele ya jua linalozama. Kisha akauliza kwa adabu, “Bosi wako anataka kusafiri lini?”

“Bosi ni mimi,” Zubeda alisema. Aliziangalia picha zote hadi mwisho, akashukuru, akatoka. Alichojifunza pale ni jambo moja la maana: kiangazi ndicho kipindi cha kwenda, kwa kuwa majani huwa yamekauka na wanyama hukusanyika penye maji.

Kiangazi, lakini, ndicho pia kipindi cha arusi Bujumbura. Kuondoka wakati huo ni kama muuza nguo kufunga duka siku ya kuamkia Idi. Aliligeuza jambo hilo kichwani siku kadhaa, hata usingizi ukawa wa kuvizia, na mwisho akaona kwamba akisubiri mwaka usio na arusi atasubiri mpaka kaburini.

Kuhusu usafiri, aliyemwonyesha njia ni Nsimire, jirani yake Mkongomani, mama wa kanisani aliyekuwa akienda Kigoma mara kwa mara kuchukua bidhaa. Alimkuta Zubeda akisugua sufuria kwa hasira, akauliza kuna nini. Zubeda akamweleza: ndege ilikuwa ghali mno, na basi lingemvunja mgonjwa mgongo.

“Mama Soumaya, na treni je?” Nsimire alisema. “Kigoma kuna treni ya vitanda. Mutu analala kabisa, kama mu nyumba yake. Inapita Tabora, Dodoma, inafika Morogoro. Morogoro na Mikumi si mbali.”

Zubeda aliweka sufuria chini. “Na kufika Kigoma?”

“Tunachukua taksi voiture, ile gari ndogo ya abiria, tunashuka na ziwa mpaka mupaka. Mi nitawapeleka mwenyewe mpaka stasioni. Ule mupaka wote wananijua.”

Kuanzia jioni hiyo safari ilikuwa na mwili. Zubeda alimwuliza dokta, na dokta, baada ya kupima presha na kukunja uso, alisema mgonjwa akimeza dawa zake na akilala njiani anaweza kwenda. Ila, akauliza, ngazi za treni atazipandaje? Zubeda akarudi nyumbani akapanga kreti za Fanta uani kama ngazi, moja, kisha mbili zilizopandana, akamsimamisha mumewe mbele ya ngazi hiyo. Kila asubuhi alimshika kiuno na Massoudi akajaribu kupanda, akihema, fimbo mkononi. Siku za mwanzo alishindwa hata kreti ya kwanza na kutukana kwa maneno yasiyoeleweka. Zubeda alingoja matusi yaishe, kisha akasema, “Tena.”

Palibaki mtu wa kuwapokea Morogoro. Na Zubeda alimjua mmoja: Népomuscène, Mrundi aliyeendesha malori pamoja na Massoudi ujana wao wote, akaoa huko na sasa ana gari la kupeleka abiria. Alimpigia simu. Népomuscène alipiga kelele za furaha mpaka simu ikakwaruza. Gari lipo, chumba kipo, Mikumi anaijua kama kiganja chake, na shemeji yake ana nyumba Kigamboni, hatua chache kutoka baharini.

Hapo ndipo mambo yalipokwama, na aliyeyakwamisha ni Massoudi mwenyewe. Aliposikia jina la Népomuscène aligeuzia uso ukutani. Kesho yake walikwenda kupiga picha za hati za kusafiria, na mpiga picha alipomwonyesha sura yake, mdomo umepinda, jicho moja limelegea, Massoudi aliigeuza picha ile chini. Walipofika nyumbani alikataa kreti. Alikataa na chakula.

“Apana,” alisema. “Siendi.”

“Kwa nini?”

Alichukua muda mrefu kulitoa jibu. “Népo… asinione… hivi.”

Soumaya alikuwepo, ameketi ukingoni mwa kibaraza. “Unaona, Mama? Papa mwenyewe hataki. Umuache apumzike. Unamufanyia hii yote kwa huruma, lakini yeye anaumia.”

Zubeda alivuta kigoda, akakaa mbele ya mumewe kiasi cha magoti kugusana. Hakupandisha sauti.

“Baba Soumaya, nani alikuambia nakufanyia huruma? Mi njo nataka kwenda. Mi! Miaka yote ile we uliona tembo, uliona twiga, uliona bahari, ukarudi kunipa hadithi na nguo za kufua. Mi nilikuwa hapa na sufuria. Nilikuwa nasema, akistaafu atanipeleka. Sasa mguu wako umekufa. Macho yangu haiyakufa. Nitaenda kuona tembo, na nataka kuenda na mutu mwenye anajua kunionyesha. Kama hautaki, nakuacha kwa Soumaya, kule Mutanga, utatazama ukuta yake. Iko na rangi nzuri kuliko hii.”

Soumaya aliinuka pale ukingoni. Hakuwahi kumsikia mama yake akisema “nataka” kwa ajili yake mwenyewe. Kila mara ilikuwa watoto wanataka, wageni wanataka.

Massoudi aliinua uso kumtazama mkewe. Midomo yake ikahangaika.

“Népo,” alisema mwishowe, “anaendesha… vibaya.”

“Basi utamuambia mwenyewe.” Akapiga simu, akaiweka sikioni mwa Massoudi.

Népomuscène hakuelewa hata nusu ya aliyoambiwa. Sauti yake nzito ikavuma kwenye simu: “Mama Soumaya, anasema nini?”

“Anasema uende polepole. Na mi nasema kiti cha mbele ni changu.”

Kulipokucha Massoudi aliomba kreti. Na Soumaya alipoona hati zimetoka na Nsimire amekwisha kuongea na dereva wa taksi voiture, alikuja bila kuitwa, amefunga kitenge kiunoni, akauliza sufuria za arusi za kiangazi hiki nani atazitoa na kuzipokea. Mama yake akamkabidhi ufunguo wa ghala. “Usimupe mutu kifuniko bila sufuria yake,” alimwonya. “Havirudi.”

Walikwenda. Kwenye kituo cha Kigoma Massoudi alipanda ngazi za behewa kwa miguu yake, Nsimire akimsukuma kwa nyuma huku akiimba wimbo wa kanisani. Alilala karibu njia yote. Morogoro, Népomuscène alimkumbatia rafiki yake akiwa kwenye kiti, na wazee hao wawili walilia bila aibu mbele ya wauza karanga, Zubeda akiwasimamia mizigo.

Mikumi iliwapa pundamilia, nyati, na kiboko mmoja mvivu. Tembo walikuwa mbali, nyuma ya miti, wadogo kama mbuzi.

“Ulinidanganya,” Zubeda alisema. “Ulisema iko kubwa kama nyumba.”

Massoudi akainua mkono wake mzima, akamwonyesha Népomuscène azime injini. Wakangoja, jasho likiwatiririka. Taratibu kundi likaja kunywa maji, jike mmoja mzee mbele, akapita karibu hata wakasikia pumzi yake. Zubeda alishika dashibodi kwa mikono miwili. Aliwafuata kwa macho mpaka mkia wa mwisho ulipopotea majanini, kisha akageuka akamwomba mumewe wangoje tena.

Kitu kimoja hakuwa amekipanga: mchanga. Kule Kigamboni magurudumu ya kiti yalizama hatua ya pili tu. Alisimama kidogo, mikono kiunoni, akapima umbali kwa macho. Akaenda kwa vijana waliokuwa wakicheza mpira, akawatuma kama anavyowatuma watu kubeba sufuria za arusi: wewe huku, wewe kule, msimwinamishe. Wakambeba Massoudi mpaka maji yanapofikia, wakamkalisha. Zubeda akaketi kando yake na nguo zake zote. Wimbi likawajia kifuani, likamwingia Zubeda mdomoni. Mtoto wa ziwani, aliyezoea maji matamu, alitema chumvi, akakohoa, akacheka mpaka ushungi ukavuka.

Kutoka kule juu kwenye nyumba Népomuscène aliita kwamba samaki yuko tayari.

“Mufunike!” Zubeda alipaza sauti bila kugeuka. “Bado tuko huku.”