Karatasi ya Jaji Mlangoni

Leo tingatinga imekuja kupanua uwanja wa shule, na harufu ya dizeli na majani ya ua wa kaiyaba yaliyosagwa ikaingia hadi darasani. Mwalimu alikuwa anauliza nani hutekeleza uamuzi wa korti. Mimi sikuinua mkono.

Mara ya kwanza kuona tingatinga nilikuwa mdogo. Majirani wetu wote huko mtaani Rhonda walikuwa wanang'oa mabati na kutoa vitanda nje. Shosho, nyanya yangu, peke yake hakutoa hata kijiko. Korti ilikuwa imekataza tusibomolewe, na asubuhi hiyo alikuwa amebandika agizo lenyewe mlangoni kwa uji wa unga.

"Shosho, si utoe hata godoro," jirani alimsihi. "Huyo jaji wako hakai hapa!"

"Jaji ameshaongea," shosho akajibu, akachochea moto chini ya sufuria ya githeri.

Afande mkubwa wa polisi alifika mbele ya tingatinga. Alivua kofia, akaisoma ile karatasi yote polepole. Nikadhani tumepona. Kisha akaibandua kwa uangalifu isiraruke, akampa shosho kwa mikono miwili.

"Mathe, hii ni ya jaji. Mimi nimetumwa na serikali."

"Kwani jaji ni wa nani?"

Afande alivaa kofia yake, akampungia dereva mkono.

Ua wa kaiyaba ndio ulienda kwanza, halafu jikoni, githeri ikiwa bado motoni. Shosho alisimama tu ameshika ile karatasi. Uji nyuma ya karatasi ulikuwa haujakauka.