Vidudu vya Feruzi Vyaacha Pombe

Mwaka ule wa sabini na tano, kila Feruzi Asumani aliposimama kusali msikitini, katika mtaa wa mjini uitwao Kenya, kando yake palibaki pengo. Si kwamba watu walimchukia. Alinuka pombe, na alinuka kweli.

Feruzi, mtoto wa fundi shaba kutoka Maniema, alifanya kazi kwenye maabara ya chuo kikuu. Humo profesa Mwansa alifuga ndani ya chupa kubwa vidudu visivyoonekana kwa macho. Vilikula machicha ya kiwanda cha pombe, vikatoa gesi ya hidrojeni. Gesi ikapita kwenye mrija wa mpira hadi kwenye betri inayokula gesi, na betri ikazungusha feni ndogo kama kiganja. Kubeba machicha kwa ndoo ilikuwa kazi ya Feruzi, na harufu ile haikujua sabuni.

Mzee Mawazo, muuza vitenge, alikuwa amemposa Kulthumu, binti wa Feruzi, kwa ajili ya mwanawe wa kiume. Sasa akaleta neno kwamba mwanawe haoi kwa mlevi. Feruzi akaeleza kuwa wanywaji ni vidudu. Heri angenyamaza, maana soko zima lilicheka: kila mlevi ana vidudu vyake! Kulthumu akaacha kwenda bombani kuchota maji, na hilo lilimuuma baba yake kuliko kicheko.

Akamwomba profesa vidudu vibadilishiwe chakula, vipewe maji ya mihogo iliyolowekwa. Profesa alisita: vikifa, kazi ya mwaka mzima imekwenda. Mwishowe akakubali. Feni ikasimama siku nyingi. Asubuhi moja ikazunguka.

Hapo hapo akamfuata Mawazo dukani, akamleta aone mwenyewe chakula kinakoingia na upepo unakotokea. Mzee akanusa chupa, akakohoa hadi machozi, maana muhogo uliochacha hauna adabu. Kisha akasogeza uso mbele ya feni, akauliza:

“Badudu yako balishaacha pombe?”

“Balishaacha, yaya,” Feruzi akamjibu kwa heshima ya kaka mkubwa.

“Na weye?”

“Miye sikuanzaka.”

Ijumaa Feruzi alisimama kusali akinuka vibaya kuliko zamani. Mawazo akatoka safu ya mbele, akaja kusimama kando yake, bega kwa bega. Alikunja pua sala nzima, lakini hakusogea.