Chifu Alivyolala Kwenye Harusi Yangu

Ukutani mwa kanisa letu, hapa Karagwe, wamebandika historia: chifu alisali hapa, gavana alisali hapa, na baada ya uhuru wakubwa wa serikali nao wakaja kupigwa picha. Haya. Ila chifu hakuwa akisali, jamani. Alikuwa akilala. Mimi nilikuwepo.

Alikuwa na kiti chake kando ya madhabahu. Mahubiri yakianza tu, kidevu kifuani, anakoroma. Na akilala, ole wako usimame au ukohoe! Watu wake walikukata jicho mpaka ukatamani ardhi ipasuke. Ibada nzima ilingoja aamke.

Siku ya harusi yangu alilala fofofo. Mchungaji alikuja kwetu mara moja kila miezi mitatu, kwa pikipiki, na mchana huo alitakiwa Kyerwa. Nikamwona anatazama saa. Akafunga kitabu. Nami nilikuwa na mimba ya miezi mitatu. Bwana harusi aliijua, si ndiye mwenye kazi yake? Baba hakuijua. Tukingoja mchungaji arudi, tumbo lingenitangulia madhabahuni, na wakati ule msichana wa hivyo alifukuzwa kwao, asirudi.

Nifanyeje? Bibi harusi kwetu hasemi neno. Analia tu, aonyeshe anavyoumia kuacha kwao, na kilio chake hakuna anayekikataza, hata mbele ya chifu.

Basi nikalia. Si kile kilio cha adabu, cha kupenga kamasi. Nilipiga yowe mpaka popo wakatoka darini.

Chifu akaruka kitini. "Nani amekufa?"

"Ni bibi harusi, mtukufu," mchungaji akajibu, kitabu keshakifungua.

Tukafungishwa ndoa mbiombio. Chifu akamwambia baba, "Binti yako kalelewa. Sijaona anayependa kwao namna hii." Baba akarudi nyumbani kifua mbele.

Miezi sita baadaye nikampeleka mtoto abatizwe, mnene, mashavu tele. Kanisa likaanza kunong'ona. Chifu akamtazama mtoto, akanitazama mimi, akakunja vidole kimoja kimoja mpaka sita. Nikamfunika mtoto mashavu, wallahi, humo humo kanisani.

Akafumba macho, kidevu kifuani. Minong'ono ikakatika, chifu kalala, nani afungue mdomo? Mtoto akabatizwa kimya kimya.

Mimi nilisimama karibu naye kabisa. Hakukoroma.