Mikebe ya Kilo Ishirini

Mdogo wangu alizaliwa na mabega. Mimi nilizaliwa na akili. Ndivyo mama alivyokuwa akiwaambia wageni, na kila aliposema hivyo nilijua ananifariji tu. Nani huangalia akili ya mtu kanisani? Watu huangalia shati linavyokaa. Shati la mdogo wangu lilikaa kana kwamba fundi alilishonea juu yake. Langu lilining'inia, ingawa mwaka ule nilikuwa nikivaa sweta ndani yake, hata kwenye jua kali la Januari, ili angalau nionekane nina kifua.

Hiyo ilikuwa miaka ya themanini. Sote wawili tulifanya kazi katika kiwanda cha kahawa, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka kwetu Githongo. Mimi nilikuwa karani wa mizani. Mkulima analeta gunia lake, linatundikwa, nasoma mshale, naandika. Yeye alikuwa mbebaji. Aliyatoa magunia kwenye mizani na kuyapeleka stoo mgongoni, siku nzima, akipiga mluzi. Nilikuwa na kalamu mbili mfukoni na kiti cha kukalia, na bado nilimwonea wivu hadi chakula kikanikaa kooni, jambo ambalo halikukisaidia kifua changu hata kidogo.

Wazo la jimu lilikuwa langu. Naomba hilo lijulikane, maana hakuna mwingine anayelikumbuka. Nilikuwa nimeokota gazeti kuukuu lenye picha ya mwanamume aliyejaa misuli mpaka shingoni, nikaiweka chini ya godoro kama barua ya mapenzi. Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na kibanda cha mbao alimokuwa akilala fahali kabla hajauzwa. Tulikifagia, tukatundika kipande cha kioo tulichopewa na kinyozi, tukatafuta bomba la maji la chuma. Uzito tuliutengeneza wenyewe kwa mikebe ya rangi tuliyoijaza saruji na mchanga, katikati tukaacha tundu la kupitishia bomba.

Na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mtu wa mizani, mikebe ilipelekwa kiwandani Jumamosi moja mchana. Niliitundika mmoja baada ya mwingine, nikawa naongeza saruji kwa mwiko mpaka mshale ukagusa ishirini. Kisha nikachukua rangi nyekundu na kuandika 20 kwa mwandiko wangu wa kikarani. Mdogo wangu alinishikia mikebe huku akinitazama kwa heshima. Hiyo ndiyo siku pekee katika hadithi hii yote niliyojihisi mkubwa kuliko yeye.

Miezi sita nilijitesa. Nilikunywa mayai mabichi huku nimeziba pua. Nilikula njahi, yale maharagwe meusi wanayopewa wanawake waliojifungua, mpaka mama akauliza kama nimepata mimba. Niliinua mikebe kila asubuhi kabla ya kazi, na kilichoongezeka ni tumbo. Yeye alikula githeri ileile ya mahindi na maharagwe iliyobaki jana, akainua chuma huku akicheka na kusimulia mambo ya sokoni, na akavimba. Alivimba mikono, alivimba mgongo, hata shingo. Vijana walitoka mjini Nkubu kuja kumtazama akifanya mazoezi. Nilipokuwa mbele ya kioo naye akaingia, nilimpisha, kwa sababu kioo kile hakikututosha wawili.

Kulikuwa pia na mwalimu wa nasari niliyekuwa nikimchumbia. Jumapili moja kinanda cha kanisa kilitakiwa kuhamishwa, na wakati wazee wakijadiliana ni watu wangapi watatosha, mdogo wangu alikiinua peke yake na kukipeleka. Aliporudi, yule mwalimu wangu alimbonyeza mkono kama anayechagua parachichi sokoni.

"Haki ya Mungu," akasema, "hii ni mkono ama ni mguu?"

Mdogo wangu aliinamisha kichwa kwa aibu. Nami nikacheka pamoja na wengine, nikacheka sana, huku moyoni nikimwombea avunjike mkono huohuo. Nasema ukweli. Nilimwomba Mungu hivyo, nikiwa bado nimesimama mlangoni mwa kanisa.

Msimu huo mama alikuwa na gunia la maharagwe la kuuza. Nilimpimia kiwandani: kilo sabini na saba. Akalipeleka Nkubu, na mizani ya mchuuzi ikasema tisini. Mama alirudi nyumbani akiimba. "Leo nimempata mjinga!" alisema, na jioni nzima alimshukuru Mungu kwa ajili ya mjinga yule. Mimi sikuimba. Niliwajua wachuuzi wa Nkubu tangu utotoni, na sikuwahi kusikia mmoja wao akikosea kwa faida ya mkulima. Yenye kasoro ilikuwa mizani yangu. Kesho yake nilimwambia meneja, naye akakagua, akasema springi imeshika kutu, haivutiki sawasawa. Kabla ya mwisho wa mwezi tulikuwa na mizani mpya.

Hakuna aliyekumbuka mikebe iliyokuwa kule nyuma ya nyumba yetu. Mimi niliikumbuka. Nilipiga hesabu kwenye kipande cha karatasi: kama sabini na saba ilikuwa tisini, basi kila mkebe niliouandika ishirini ulikuwa unapita ishirini na tatu. Mikebe minne tuliyoita themanini ilikuwa tisini na tatu na ushei. Nilikunja karatasi nikaitia mfukoni, kati ya zile kalamu mbili.

Wiki hiyohiyo likaja tangazo la mashindano ya misuli kule Embu. Mshindani angejipaka mafuta, asimame jukwaani na kuonyesha mwili, lakini kwanza ilibidi ainue kilo tisini juu ya kichwa. Asiyeweza, hapandi jukwaani. Atakayeshinda angepelekwa Nairobi. Mdogo wangu alikuwa akiinua mikebe yetu minne vizuri kabisa. Alipojaribu kuongeza mikebe mingine miwili midogo, niliyoiandika 5 kila mmoja, magoti yalitetemeka, bomba likarudi chini.

Kwetu mdogo hafungi safari kubwa bila neno la mkubwa wake. Baba alikuwa amekwisha kufa, kwa hiyo neno lilikuwa langu. Alinifuata jikoni alasiri, mama akiwa anamenya ndizi, akasimama mlangoni akiuziba mwanga wote.

"Bro, wewe ndio mtu wa mizani," alisema. "Mimi nimefika themanini, na huko Embu wanataka tisini. Unaonaje? Niende?"

Karatasi ilikuwa mfukoni. Ningeitoa tu. Lakini nilimwona amesimama jukwaani aking'aa mafuta, nikamwona mwalimu wa nasari kati ya watu akipiga vigelegele, nikamwona mama amevaa leso yake ya Krismasi, akimwonyesha kila mtu: yule ni wangu. Nikajiona na mimi pembeni, nimeshika koti lake. Wivu ulinipanda mpaka masikio yakawa moto.

"Themanini ni themanini," nikamwambia. "Utaenda kutuaibisha tu."

Alinitazama kidogo. Halafu akasema, "Sawa. Kama umesema." Akanawa mikono, akamsaidia mama kumenya ndizi.

Hakwenda Embu. Baada ya wiki chache aliacha kabisa kuingia kibandani, na kufika Krismasi mikebe ilikuwa imepandishwa juu ya banda la kuku, kuzuia mabati yasipeperuke. Picha ya aliyeshinda niliiona imebandikwa dukani. Mabega yake yalikuwa ya kawaida kabisa. Nilifurahi kwa siku tatu, na ya nne nikaona mkebe mmoja pale juu ya mabati, ile 20 nyekundu imenielekea, na tangu hapo nikawa napitia upande mwingine wa nyumba. Yule mwalimu aliolewa na mhasibu mmoja mwenye kifua chembamba hata kuliko changu.

Mwaka jana daktari aliniambia nina sukari, nipunguze tumbo la sivyo litanipunguza lenyewe. Akanishauri niende jimu. Siku hizi Meru mjini kuna jimu zenye vioo kuta zote, hamna pa kujificha. Niliona haya kwenda peke yangu, nikamwomba mdogo wangu anisindikize. Amepita miaka sitini, analima chai na ndizi, nywele zimekwisha. Alipovua koti niliangalia mabega yake kwenye kioo kabla ya kuangalia tumbo langu, na ule wivu wangu wa zamani ukaamka vilevile, bila hata kupiga miayo.

Alichukua sahani ya chuma iliyoandikwa 20. Aliipandisha na kuishusha mara mbili tatu kwa mkono mmoja. Mimi nilianza kutoka jasho kabla ya kuinua chochote.

"Nyepesi, eh?" nikasema haraka haraka. "Vitu vya siku hizi bwana, si vya kweli."

"Hii ni ya kweli," akasema. "Ile yetu ndio ilikuwa nzito."

Nilimuuliza alijua lini.

"Si ile wiki mlileta mizani mpya? Gunia ya sitini ikawa nyepesi kwa mgongo. Sisi wabebaji wote tulijua hiyo ingine ya zamani ilikuwa inakula kilo. Nikaenda nikainua mikebe, nikajua hata hiyo ni hivyo hivyo."

"Kabla ya kuja kuniuliza mambo ya Embu?"

"Kabla."

"Sasa kama ulijua, uliniuliza nini?"

Aliipangusa ile sahani kwa kiganja, polepole, ingawa haikuwa na vumbi.

"Mimi sikukuuliza kilo," akasema. "Nilikuuliza kama niende."

Msichana wa jimu alipita akitupigia makofi, akituambia wazee twende, tusilale. Mdogo wangu aliichomeka ile ishirini kwenye chuma changu, akaenda upande wa pili akachomeka nyingine, akaniambia nilale kwenye benchi, yeye atanihesabia.