Chipsi za Ijumaa kwa Mzee Wilf

Siku Mzee Wilf Blanchard alipounguza jiko lake, mimi ndiye niliyeuona moshi, maana yeye alikuwa amesinzia kitini huku karai la chipsi likichemka peke yake. Nyumba zetu hapa Grimsby, pwani ya Uingereza, zimeshikana ukuta kwa ukuta. Jirani akikohoa, wewe ndiye unayetafuta dawa. Nikapiga kelele, zimamoto wakaja, wakauzima moto uliokuwa umeshalimaliza pazia la jikoni. Mkubwa wao akalichukua lile karai na mafuta yake ya tangu enzi, akamwachia mzee sinia bapa la kuokea. Ndivyo walivyokuwa wakifanya mtaani kote siku zile: toa karai, pokea sinia.

"Hili la nini?" mzee akauliza.

"La chipsi, mzee. Unaweka kwenye oveni, huchomi nyumba."

"Kijana, mkate ndio unaookwa. Chipsi zinakaangwa."

"Basi mke wako atajua namna."

"Mke wangu yuko makaburini. Nenda kamuulize."

Wiki ile ile Malcolm, mwanawe wa kiume anayeishi Doncaster, alimpigia simu dada yake Glenda. Baba hawezi tena kuachwa peke yake, akasema, na wewe huna mume wala mtoto. Glenda alikuwa na chumba chake mjini na kazi yake kwenye duka la viatu, na Ijumaa jioni alikuwa akienda kucheza dansi. Akaja na sanduku moja. Nilipomuuliza atakaa mpaka lini, akasema ni kwa muda tu. Muda gani, hakuna aliyesema, na hapo ndipo mtego ulipotegwa.

Mimi simwonei haya Malcolm. Mtu anayemhurumia baba yake kwa simu, huruma yake ni ya simu.

Ijumaa ya kwanza Glenda akaoka chipsi. Akakata viazi, akavirundika kwenye sinia, akamimina mafuta ya chupa, akafunga mlango wa oveni. Zilitoka nyeupe, zimelala, zimegandana. Mzee akainua moja kwa uma, ikaning'inia.

"Glenda, mwanangu, hizi umezipika au umezifua?"

Mzee Wilf alikuwa amepasua samaki gatini maisha yake yote, na Ijumaa kwake ilikuwa samaki, chipsi, njegere za kupondwa na siki. Akikosa hivyo, wiki haijaisha. Basi Glenda akaanza kujifunza, na mimi nilikuwa nikimsikia ukutani: mlango wa oveni, tusi dogo, mlango wa oveni tena.

Alianza kwa viazi. Akaacha vile vya maji maji, akatafuta vya unga, akavikata vinene kama kidole gumba. Akajua kuviloweka kwenye maji baridi mpaka maji yawe meupe, kisha kuvichemsha kidogo tu, na kuvitikisa ndani ya sufuria iliyofunikwa mpaka kingo zake zichakae. Akajua kuviacha vitoe mvuke na kuvikausha kwa kitambaa, maana kiazi chenye maji hakiwi kikavu hata ukiombee dua. Lakini siri kubwa ilikuwa mafuta ya ng'ombe. Aliyaweka kwenye sinia tupu, akalitia ndani ya oveni mpaka yaanze kulia, ndipo akavitandaza viazi kimoja kimoja, kisiguse mwenzake. Akavigeuza mara moja. Chumvi akaiacha mpaka mwisho.

Ijumaa moja nikasikia kupitia ukutani: kra, kra, kra. Halafu sauti ya mzee.

"Malkia wangu! Mama yako mwenyewe hakuzifikia hizi!"

Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Glenda hakutia maji. Yeye alisifiwa akafungwa. Kuanzia siku ile mzee hakutaka chipsi za dukani, wala zangu, na zangu si mbaya. Dansi ikafa. Duka la viatu likamwambia achague saa za kazi au achague baba. Nilimwona asubuhi moja akimwaga maganda ya viazi nyuma ya nyumba, amesimama tu na ndoo mkononi, anatazama ukuta wa mbele yake.

"Una nini?" nikamuuliza.

"Sina kitu. Nimesahau nilikuwa nataka kwenda wapi."

Kisha Pauline akaja. Huyu alikuwa rafiki yake wa shule, ameachiwa na shangazi nyumba ya wageni kule Whitby, mwendo wa saa kadhaa kutoka kwetu, vyumba vichache vinavyotazama bahari, na anatafuta mtu wa kuiendesha naye. "Si kibarua," akamwambia Glenda mbele yangu, jikoni kwangu. "Mshirika. Nusu kwa nusu. Lakini watalii wanaanza Pasaka, shoga yangu. Nipe jibu, la sivyo nitafute mwingine."

Sikuwahi kumwona Glenda na uso ule. Alikuwa mwanamke aliyepita hamsini, na alicheka kama aliyeambiwa shule imefungwa.

Kilichobaki ni mzee. Karibu na bustani ya mji kuna nyumba ya wazee, safi, wana mchezo wa bingo na mtaalamu wa kutunza miguu. Glenda akampeleka kula chakula cha mchana cha kujaribu. Msimamizi akasema waziwazi: hapa hatumpokei mtu kwa kuburutwa, akubali mwenyewe. Mzee akatazama vyumba, akasema ni vizuri. Akatazama wazee wenzake, akasema wawili anawafahamu, mmoja ni mwongo. Kisha chakula kikaletwa, na ilikuwa Ijumaa.

"Chipsi hizi ni kamba za meli zilizoloa," akatangaza, ukumbi mzima ukimsikia. "Kila kitu hapa ni kizuri, ahsanteni sana. Ila mimi nakaa kwangu, kwa sababu binti yangu anajua chipsi."

Glenda alinisimulia hayo tukiwa kwenye ngazi yangu, chai imepoa mikononi mwake.

"Chipsi," akasema. "Maisha yangu yote yamefungwa na chipsi."

"Si ndiyo sababu pekee aliyoitoa?"

"Ndiyo pekee."

"Basi mwondolee hiyo sababu," nikasema. "Mpikie kamba zilizoloa. Akikosa tofauti ya huku na kule, atabakia na nini cha kung'ang'ania?"

Nilisema hivyo, na leo ningeulizwa ningesema tena, kwa sababu nilikuwa nikiona mtu anazama. Glenda akakiweka kikombe ngazini. Mwisho akaniomba nije kula nao Ijumaa, kwa sababu hangeweza kulifanya jambo hilo peke yake.

Nikaenda. Mzee alikuwa amevaa tai, kama kawaida yake ya Ijumaa. Glenda alikata viazi vibichi na kuvitia kwenye sinia baridi vikiwa na maji yake, akavirundika, akafunika kwa karatasi ya foili. Mara mbili nilimwona akiyashika mafuta ya ng'ombe na kuyarudisha kabatini. Mkono uliozoea kazi nzuri hauiharibu bila kuumia.

Zilipofika mezani zilikuwa aibu. Nyeupe, laini, zimekaa kwenye dimbwi la maji. Mimi nilijaribu moja, ikanigoma kooni. Glenda hakula. Alimtazama baba yake, akisubiri tusi. Alilihitaji lile tusi.

Mzee Wilf akatia chumvi. Akatia siki. Akala moja, akatafuna taratibu, akameza. Akala nyingine.

"Nzuri," akasema.

Glenda akaniangalia.

"Nzuri sana, mwanangu. Zimebaki?"

Glenda akasimama, akaenda jikoni kuleta zilizobaki, na nadhani alitaka pia kuficha uso. Mzee akaniinamia mezani. Macho yake yalikuwa yamejaa maji.

"Jirani, Malcolm akikuuliza kama namsumbua dada yake, mwambie nilimaliza sahani."

"Mzee Wilf, hizi chipsi ni mbaya."

"Unadhani sijui? Nimekula chipsi tangu sina meno, na sasa sina meno tena ila ya bandia." Akafuta mdomo. "Akufukuzaye hakwambii toka. Nimeshaelewa. Lakini nikila bila kulalamika, nisimsumbue, pengine ataniacha nikae."

Glenda alikuwa mlangoni, bakuli mkononi. Alikuwa amesikia yote.

Kisha akaja, akaliweka bakuli chini, akakaa karibu na baba yake.

"Ziache, baba."

"Nitazimaliza."

"Ziache! Nimeziharibu makusudi."

"Najua, mwanangu. Ni kwa ajili ya Whitby." Akamshika mkono. "Pauline ana sauti kubwa na ukuta ni mwembamba. Nenda. Mimi pale kwa wazee nitazoea. Nilikuwa nadeka tu. Naogopa kufa kwenye nyumba nisiyoijua, basi. Nenda zako."

Alisema hivyo kwa moyo safi, naapa. Hakuwa akimlaghai. Na mimi nilikaa pale nikiwa na hasira kiasi cha kutaka kuvunja sahani, kwa sababu niliona kilichokuwa kikitokea na sikuwa na la kufanya. Mzee angefoka, Glenda angeondoka. Angemlilia abaki, Glenda angemkasirikia, na mtu mwenye hasira hupata miguu. Lakini alimfungulia mlango mwenyewe, mzee yule mwenye tai, kidevu kimelowa siki, na hapo ndipo Glenda alipokwisha.

Kisha akanyanyuka, akachukua sahani ya baba yake, akazimwaga chipsi zote kwenye pipa.

"Una njaa bado, baba?"

"Kidogo."

"Itachukua muda. Lazima niviloweke kwanza."

"Glenda," nikamwita. "Glenda, shoga, fikiri."

Hakunigeukia. Nilisikia maji yakifunguliwa jikoni, kisha kisu kikianza kumenya kiazi.