Module Ilikuwa na Kibali, Kifaa Changu Hakikuwa Nacho

Wakuu, heshima zenu.

Hiki ninachoandika kimenikuta mwenyewe hapa Ifakara, sijaongeza chumvi. Atakayebisha aje nimwonyeshe sanduku lenyewe, bado ninalo. Na aibu yake bado ninayo.

Mimi ni fundi elektroniki. Kikundi cha wakulima wa mpunga kule Mbingu kiliniomba niwatengenezee kengele ya mafuriko. Mashamba yao yako ng'ambo ya mto, msimu wa kilimo wanahamia huko na familia, wanaishi kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo. Mwenyekiti wao, dada Eufrasia, aliwahi kuzingirwa na maji akiwa na wanawe wawili, wakakaa juu ya dungu siku mbili bila chakula. Alinisimulia huku anacheka. Mimi sikuweza kucheka.

Kazi yenyewe: kifaa kikae mtoni, maji yakipanda kitume ishara kwa redio, king'ora kilie kule kwenye madungu. Na kiwe tayari kabla ya masika.

Nikanunua module ya redio. Kwa wasiojua, hiyo ni redio ndogo iliyokamilika, unaipachika tu ndani ya kifaa chako. Ilikuja na karatasi zake za kibali, imeshapimwa. Nikajisemea, module ina kibali, basi na kifaa changu kina kibali.

Hapo ndipo nilipopotea njia.

Sanduku nilichomelea la bati, maana panya wa bondeni hawaogopi plastiki. Bati likameza mawimbi, ishara haikwenda popote. Sasa huku kwetu TV ikileta chenga, dawa inajulikana: antena kubwa juu ya mwanzi mrefu. Nikang'oa kiantena cha module, nikafunga antena kubwa nje, juu ya mwanzi. Ikashika mpaka raha!

Nikaenda kwa Mama Restituta anisaidie kujaza fomu za kukiandikisha kifaa kwa mamlaka ya mawasiliano. Huyu mama ana kibanda cha ufundi mtaa wa Viwanja Sitini, zamani alikuwa anatunza redio za upepo za misheni, zile za kuitana kutoka mbali. Nikampa shikamoo, nikamwekea karatasi mezani, nikidhani ni kazi ya dakika kumi.

Alizisoma zote. Wakuu, ZOTE. Kiingereza kigumu, herufi ndogo kama chawa, yeye kidole chini ya kila mstari. Mimi module ile nilikaa nayo miezi na sikuwahi kuvuka ukurasa wa kwanza.

Alipofika kwenye antena akanigeuzia karatasi. "Mwanangu, hapa wametaja antena walizopimia. Yako iko wapi?"

Haikuwepo.

Akanieleza taratibu, bila kunicheka. Kibali kile kinaihusu module ikiwa na antena zile. Ukifunga yenye nguvu zaidi, mawimbi yanatoka kupita kipimo kilichoruhusiwa, unaweza kuvuruga mawasiliano ya wengine. Na hata antena ikiwa sahihi, kifaa kizima bado lazima kiangaliwe.

Mimi nikaona masika hayo yanakuja. Nikasema, "Mama, tusiitaje hiyo antena. Nani atajua?"

Akavua miwani. "Unatengeneza kitu cha kuwaambia watu ukweli, halafu unaanza na uongo?"

Nilitamani ardhi ipasuke.

Lakini mama hakuniacha nimekaa na aibu yangu. Akasema mwanzi hauna kosa, kosa ni kubadilisha antena. Rudisha ile ndogo, weka kila kitu kwenye kasha la plastiki, kisha pandisha kasha zima juu ya nguzo. Waya wa kupima maji ndio ushuke mtoni. Na panya? Akaniuliza miguu ya kihenge cha mpunga tunaivalisha nini. Kofia ya bati! Nimekulia Kiberege kwenye vihenge, lakini ilibidi nikumbushwe na mtu mwingine.

Tukajaribu. Ishara ikafika madungu yote. Tukapeleka maombi tukieleza kila kitu, na kibali kikatoka kabla mvua hazijakolea. Yule mama namvulia kofia mpaka kesho.

Siku ya kufunga kule Mbingu, nje ya kasha kulikuwa na lebo: namba ya module iliyomo ndani, jina langu, simu yangu. Mama Restituta ndiye aliyenilazimisha iwe nje, isomeke bila kufungua. Dada Eufrasia akaisoma kwa sauti mbele ya wenzake, akaligusa jina langu kwa kidole.

"Kwa hiyo siku isipolia, ni wewe."

Nikajibu, "Ndiyo dada. Ni mimi."

Hakucheka safari hii. Aliita wanawe, akawaonyesha kengele ile, akawaambia ikilia waache kila kitu wakimbie.

Nilichojifunza: zile karatasi nilikuwa naziona usumbufu wa ofisini. Kumbe zinauliza swali moja tu, nani atasimama hapa mambo yakiharibika.

Na wewe unayepachika redio kwenye kifaa chako, zitoe hizo karatasi kwenye droo uzisome leo, halafu njoo hapa chini utuambie antena yako umeikuta au hujaikuta.